Kisiwa cha Deo

Kipande kilikuwa kimesogea. Josepha alikiona mara tu alipofungua ramani asubuhi ile, kabla hata hajafagia mbele ya duka, na jambo la kwanza alilofanya ni kumlaumu mtoto.

"Jovina, jana uligusa laptopu yangu?"

"Sikugusa, mama." Jovina alikuwa amekaa kizingitini anafunga kamba za viatu vya shule. "Si ulinikataza."

Kweli alimkataza. Josepha akakirudisha kipande mahali pake, akafuta maji yaliyokuwa yametuama mezani chini ya laptopu, akasema moyoni kwamba bati linavuja. Haikuwa imenyesha.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja pale Mabatini, jijini Mwanza, steshenari ya kuchapa barua, kutoa kopi na kutengeneza slaidi za watu wanaokwenda kwenye semina. Mbele palikuwa pa wateja. Nyuma ya pazia palikuwa na jiko la mchina na mkeka ambao Jovina alifanyia kazi za shule akitoka darasani. Kilicholipatia duka jina ni ramani. Aliichora Deodatus, mume wa Josepha: nchi nzima, kila mkoa kipande chake, hivi kwamba mteja akitaka kuonyesha mikoa ya pamba anabofya Simiyu anaipaka kijani, anabofya Shinyanga, kazi imekwisha. Akitaka Geita peke yake, anaivuta inatoka kama kipande cha chungwa. Pembeni kulikuwa na majina ya vipande vyote. Ziwa tu halikuwa na jina, kwa sababu halikuchorwa.

"Ziwa ni pengo," Deodatus alikuwa akiwaambia wateja. "Ukishapanga Mara, Simiyu, Mwanza, Geita na Kagera, ziwa linajitokeza lenyewe. Bofya hapo. Umeona? Hushiki kitu."

Mwaka uliopita pengo hilo lilimchukua yeye. Alikwenda visiwani kufunga projekta kwenye semina ya wavuvi, upepo ukageuka, mtumbwi wa injini ukapinduka. Wenzake walipatikana, wazima kwa wafu. Yeye hakuonekana. Kwao Muleba, mtu akimezwa na ziwa na mwili usipatikane, huzikwa mgomba mahali pake ili apate pa kulala, na mama mkwe wake, Ma Justa, alimpigia simu mara nyingi juu ya jambo hilo. Josepha alikataa. "Mimi sikuolewa na mgomba, mama," alimwambia, na tangu hapo simu zikapungua.

Wiki ile waliyoacha kumtafuta, Josepha alikaa mbele ya ramani akachora kipande kidogo kama punje ya haragwe, akakiweka ziwani, upande wa Ukerewe, pale walipomwonyesha kwamba ndipo mtumbwi ulipopindukia. Akakipaka rangi ya maji ili mteja asikione. Pembeni, kwenye nafasi ya jina, akaandika: Deo. Hakuwa mtu wa kulialia. Alitaka tu mumewe awe mahali fulani.

Sasa punje ile ilikuwa inashuka kusini. Alipoirudisha, kesho yake aliikuta imesogea tena, imeingia kwenye ghuba.

Mashimba, bwana shamba wa pamba, ambaye Deodatus alimtengenezea slaidi miaka nenda rudi, na ambaye wiki ile Josepha alikuwa amempa nakala ya ramani, alikuja na flashi yake mkononi, anacheka tangu mlangoni.

"Mama Jovina, umeniingiza mjini. Naona nchi imeongezeka."

"Imeongezeka nini?"

"Kisiwa. Kidoa cheusi, hapo majini. Mkurugenzi kasimamisha kikao kizima. Ananiuliza, Mashimba, hicho kisiwa ni chetu au cha wenzetu wa Kagera? Nikamwambia ni cha Mama Jovina wa Mabatini, mwenye hati ni yeye." Akavuta kiti. "Nikabofya nikifute, naona na jina kinalo. Kimeandikwa..."

Hapo kicheko kilimkauka. Akashusha macho kwenye flashi, akaigeuzageuza.

"Samahani, shemeji. Sikuwaza."

"Hakuna neno. Kifute tu."

"Nilikifuta. Kinarudi."

Josepha alimwahidi nakala nyingine safi, na Mashimba akaondoka bila kumtania tena. Nakala hiyo hakuitengeneza. Alijaribu kwanza kukifuta kipande kwenye ramani yake mwenyewe, kidole kikiwa kizito kama anayetia saini ya kitu asichokitaka, na kikafutika vizuri. Akafunga ramani, akafungua. Kipo. Na hakikuwa tena na rangi ya maji. Kilikuwa kimeiva weusi, kama haragwe lililolala kwenye maji.

Alisema ni kirusi. Akasafisha kompyuta kwa programu ya kuua virusi, akaifuta vumbi, akaiwasha upya. Kwenye vitufe akakuta wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi na kuanguka kama jivu, wamekufa, wamejipanga katikati ya herufi. Mabatini wadudu wale hawafiki kirahisi, wala harufu ya magugumaji yanayooza haifiki, lakini siku ile chumba kizima kilinuka hivyo, na wateja wawili waligeuza mlangoni wakidai wamesahau karatasi zao nyumbani.

Mchana duka lilipokuwa tupu, Josepha akaikazia macho ile punje nyeusi, akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na kitu kisichotengenezeka, "Deo."

"Naam."

Ilitoka nyuma ya pazia. Ilikuwa sauti ya Deodatus, ya mtu aliye na kazi mkononi asiyetaka kuinua kichwa, na Josepha, ambaye siku zote aliwacheka wanawake wanaozimia, aliushika kwanza ukingo wa meza, kisha akaenda akalifunua pazia kwa ncha ya rula, akaona jiko, akaona sufuria, akaona mkeka wa mwanawe umelowa katikati, unyevu mrefu wenye mabega.

Mtu mwingine angekimbia. Josepha alirudi kwenye kiti, na neno lililomtoka ni lile alilokuwa akimwuliza mumewe kila mchana kwa miaka yote ya ndoa.

"Umekula?"

Jibu lilikuja likijivuta, kama maji yanayorudi nyuma kabla ya kupiga mwamba.

"Umekula," sauti ikasema.

"Bado."

"Bado."

Josepha akaweka paji la uso juu ya meza. "Usiniache tena," akasema.

"Usiniache tena."

Kuanzia hapo akawa anafunga duka saa za chakula cha mchana. Wateja waliokuta mlango umerudishwa walidhani mama wa watu anapumzika. Alikuwa anaongea. Aliieleza sauti ile habari za karo, habari za bati, habari za Jovina aliyeota jino jipya, na sauti ilimrudishia maneno polepole, kwa upole, kama mtu anayekubaliana. Kipande alikiacha kishuke. Kilipita kisiwa cha Saanane, na yeye hakukirudisha. Mwenye njaa haulizi ugali umesongwa na nani.

Aliona na hakutaka kuona. Aliona mtoto anaamka nyumbani kwao, Igogo, nywele mbichi. Aliona anakohoa kikohozi cha maji. Aliona anacheka peke yake kule nyuma ya pazia akifanya hesabu, anasema neno, ananyamaza, anacheka tena. Josepha alikuwa mbele anatoa kopi, na aliiachia mashine iendelee kunguruma.

Siku moja ya shule, jua la utosi, akaingia Tereza, mwanamke anayeanika dagaa ufukweni Igogo, amembeba Jovina ndani ya kitenge. Sare ya mtoto ilikuwa inachuruzika.

"Mama Jovina, pokea mtoto wako. Nimemtoa majini, yamefika hapa." Tereza alijigusa kifuani. "Na haogelei. Anatembea. Anatembea kama ametumwa dukani kununua chumvi. Nimemwita, hageuki. Nimeacha dagaa wangu kunguru wanakula."

"Mungu akulipe, dada."

"Mungu atalipa. Ila mwulize alikuwa anakwenda kwa nani, maana mimi ameniambia, na sikupenda."

Josepha alipiga magoti, akamshika mtoto mashavu. Yalikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu.

"Ulikwenda kufanya nini ziwani?"

"Kumpokea baba." Jovina alisema bila woga wowote, na hilo ndilo lililomkata mamaye maini. "Nilimwuliza jana, Baba, nije nikupokee? Akasema, nikupokee."

Josepha alibaki amepiga magoti. Nikupokee. Akayapitia yote aliyoambiwa nyuma ya pazia siku zile zote, umekula, bado, usiniache tena, akalitafuta neno moja tu ambalo hakulisema yeye kwanza, neno moja la Deodatus mwenyewe, hata tusi, hata utani wake wa kijinga juu ya ramani, na hakulipata. Alikuwa ameongea na maneno yake mwenyewe yaliyovishwa sauti ya mtu. Na kitu kilichoyavaa kilikuwa kimepata, katika maneno ya mtoto, lile neno kililokuwa kikilitafuta.

Alifungua laptopu. Punje ilikuwa imegusa pwani ya Igogo.

Ma Justa alipokea simu mara moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unalia."

"Silii. Mama, nilimwita."

Nyuma ya Ma Justa kuku walikuwa wanalia. "Kwa jina gani?"

"Deo. Niliandika kwenye ramani, pale majini. Kimeitika kitu."

"Mgomba haujalazwa, na wewe ukamwita." Ma Justa hakukaripia. Ingekuwa afadhali angekaripia. "Jina likitupwa majini halina mwenyewe, Josepha. Lolote linaloishi mle linaweza kuliokota. Nakuja. Usiseme nacho, na mtoto asiseme nacho. Hata kukifukuza usikifukuze. Kukifukuza nako ni kusema."

Alifika na basi lililopita darajani Kigongo, amevaa gauni la kanisani, na mapajani amepakata shina la mgomba lililofungwa kwenye shuka. Kondakta alitaka kuliweka kwenye buti, Ma Justa akamwambia huyu ni mgonjwa. Walimwacha Jovina kwa Tereza, wakaingia dukani wawili, mvua ikianza kupiga bati. Umeme ukakatika. Laptopu ikabaki inawaka yenyewe, na mwanga wake wa bluu ulitosha kuonyesha pazia, na ramani, na punje nyeusi ikiwa imekwisha kuingia nchi kavu.

Ma Justa akalaza mgomba mezani. Akalielekea pazia.

"Muganyizi," akaita. Hilo ndilo jina alilompa mwanawe kabla hajafumbua macho, jina la nyumbani, ambalo mjini hakuna aliyelitumia. "Muganyizi, mwanangu. Ni mimi."

Mvua tu.

"Muganyizi."

Hakuna aliyeitika. Ma Justa akatikisa kichwa. "Sasa mwite wewe, kwa jina ulilomwita."

"Deo," akasema Josepha.

"Naam."

Bibi yule alishtuka kama aliyepigwa kofi. Alikuwa amejiandaa kwa jini. Hakuwa amejiandaa kwa sauti ya mtoto wake.

"Ni yeye," akanong'ona. "Josepha, hii ni sauti yake."

"Sauti ni yake, mama."

"Alikuwa anaitika hivyohivyo. Nikimtuma maji." Akapiga hatua moja kuelekea pazia, mkono mbele, mdomo umeshafunguka kusema, na Josepha akamshika, akamziba mdomo kwa kiganja, akamvuta kifuani kwake kama anavyomvuta Jovina mbele ya pikipiki, na wakasimama hivyo wajane wawili wa mtu mmoja, mke na mama, machozi ya mmoja yakipita kwenye vidole vya mwenzake, huku chini ya pazia maji yakianza kutoka, membamba, meusi, yenye magamba.

"Si yeye, mama. Angekuwa yeye angekuitikia kwanza wewe."

Polepole bibi akatulia. Alipoondoa kile kiganja usoni, sauti yake ilikuwa imezeeka. "Jina ulilipa wewe," akasema. "Lichukue."

Josepha akakaa. Akalibofya jina pembeni ya ramani, mshale ukapepesa mwishoni mwake. Akafuta herufi ya mwisho.

"Usiniache tena," sauti ikasema.

Ilikuwa karibu zaidi. Alifuta ya pili, na pazia likavimba kwa ndani, likashika umbo la goti, la tumbo, la kifua, la uso usio na macho unaojikandamiza kwenye kitambaa kilicholowa, na sauti ikaanza kumrudishia yote kwa mpigo, karo na bati na jino la Jovina, umekula, bado, mama wa watu amechoka, nani atanisaidia, maneno yote aliyoyamwaga mle chumbani na mengine ambayo alikuwa hajawahi kuyasema kwa sauti bali ameyalalia usiku mdomo ukiwa kwenye mto, na yote kwa sauti ileile aliyoipenda, sauti ambayo hakuwa ameirekodi popote, kwenye simu wala kwenye kanda, ambayo ikitoka mle chumbani haitasikika tena duniani, na Josepha alijua hivyo, alijua kabisa anachokifuta, na kidole chake kikasimama juu ya kitufe.

"Usiniache tena," sauti ikasema, kwa upole mkubwa.

Akabonyeza.

Pazia likaanguka, tambara lililolowa. Punje ilibaki kwenye ramani, haina jina. Akaifuta, akafunga, akafungua. Haikuwepo. Akabofya mahali ilipokuwa, akabofya ziwa lote kuanzia Mara hadi Kagera, na hakushika kitu. Lilikuwa pengo, kama Deodatus mwenyewe alivyoliacha.

Walimzika Muganyizi kwao Muleba, ndani ya shamba la migomba, na katekista akasoma sala zilezile zinazosomewa mwili. Jovina alishika udongo mkononi, akalitazama lile shina kwenye shuka.

"Huyu ni baba?"

"Huyu ni mgomba," Josepha alisema. "Baba amekufa."

Hakuwa amewahi kulisema. Mtoto akatupa udongo, akajipangusa kiganja kwenye sketi, akamshika bibi yake mkono.

Duka lilipofunguliwa tena hapakuwa na harufu. Josepha alisuuza mkeka, akashona pazia jipya, akala mchana peke yake bila kumwuliza mtu. Alikuwa anachapa barua ya mwenye nyumba fulani pale Mashimba alipopiga simu.

"Shemeji, pole na msiba. Nimesikia mmemaliza salama."

"Tumemaliza, tunashukuru."

"Sikupigii kwa ubaya. Ni ile ramani ya kwenye flashi yangu. Nakala safi hukunipa, si ndiyo? Sasa kale kakisiwa bado kapo, ila jina limefutika lenyewe. Na huyu mkurugenzi wetu hapendi kitu kisicho na jina, ataniaibisha tena. Nikaona nikape jina mimi, nimalize utani."

Josepha aliacha kuchapa. Aliikumbuka flashi ile mikononi mwa Mashimba, ikigeuzwageuzwa. "Mashimba, umeandika nini?"

"Jina la binti yangu. Hellen."

"Abee," ikasema sauti ya mtoto kwenye simu, nyuma ya Mashimba.

Mashimba akacheka. "Umemsikia? Huyu naye. Nilidhani nimemwacha shule."

"Mashimba, nisikilize. Usimwite tena. Lifute hilo jina, herufi moja moja, sasa hivi, mimi niko kwenye simu, nisikilize..."

Lakini alikwisha kuuondoa mdomo kwenye simu, na alisema kama baba yeyote anavyosema.

"Njoo hapa, mama."

"Njoo hapa," sauti ya mtoto ikamjibu.

Josepha akasikia kiti kikisukumwa nyuma, na hatua za mtu mzima zikienda zinakoitwa.